Siku Dari Letu Lilipokohoa

Dari la nyumba yetu lilikohoa.

Ilikuwa mchana, saa nane na dakika zake, mvua imefunga Ujiji nzima. Ndani hamkuwa na mtu. Nilikuwa na uhakika huo kwa sababu mimi ndiye niliyetoka wa mwisho, nikakimbilia barazani macho yamevimba kwa moshi wa pilipili.

Likakohoa mara moja, likanyamaza. Halafu likaanza tena, mfululizo, kikohozi kizito cha mwanamume mzima.

Najua kuna wanaocheka hapo. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka, kama sekunde mbili hivi.

Naitwa Ikram. Kisa hiki nimekaa nacho miaka ishirini na saba bila kumwambia mtu hata mmoja. Na nyie wa humu jukwaani mnaoona kila kisa ni uongo, mnaopenda kuandika "chai hiyo" kabla hamjamaliza kusoma, leo nawaomba mnivumilie.

Mwaka ni 1997. Nina miaka kumi na minane, mrefu, na mdomo mrefu kuliko mwenyewe. Naishi na bibi mzaa mama, Bi Ashura, kwenye nyumba ya matofali ya udongo aliyoachiwa na marehemu babu. Juu ya chumba cha nyuma kulikuwa na dari la mbao. Babu alilijenga kuhifadhia dagaa wakavu enzi za biashara yake. Alipofariki dagaa wakaisha, ngazi ikatupwa uani, na hakuna aliyepanda tena huko.

Bibi alikuwa anauza mihogo ya kukaanga na migebuka pale nje. Samaki alijua kukaanga, hilo nampa. Lakini pilipili yake, Mungu amrehemu, ilikuwa maji mekundu yenye hasira. Kuna wateja walikuwa wanakuja na pilipili zao mfukoni.

Ndipo akaja Veneranda.

Alivuka kutoka Burundi mwaka mmoja kabla, wakati watu wanakuja kwa makundi, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi mpaka Kagunga. Wenzake walipopelekwa kambini, yeye akakata kona. Bibi alimkuta sokoni ana kitenge kimoja na sufuria, ananunua nyanya zilizopondeka, zile za kutupa. Akamwuliza za nini. Akajibu anataka kupika pilipili auze.

Bibi akamleta nyumbani siku hiyo hiyo. Mpaka leo sijui alimwonea huruma au alitaka pilipili. Nadhani vyote viwili.

Nyie, yule mama alikuwa anajua.

Nyanya alitaka za Kalinzi, ngumu, zilizoiva juani. Anazibabua kwenye makaa mpaka ngozi inachanika, anazimenya, anazitwanga kwenye kinu na kitunguu saumu na chumvi. Pilipili mbuzi anazipasua, nusu ya mbegu anatoa, nusu anaacha. Nyanya anaichemsha peke yake mpaka maji yakauke kabisa, ndipo anatia mawese, na pilipili inaingia mwisho. Mawese yakipanda juu anaipua, anakamulia limau, anajaza kwenye chupa. Ilikuwa pilipili inayochoma taratibu, halafu inakufanya uongeze tonge.

Baada ya miezi sita watu walikuwa wanatoka Kigoma mjini kuifuata.

Jambo moja tu. Tangu katikati ya mwaka ule wa tisini na saba, hakukaangia ndani hata siku moja. Jiko lake aliliweka nyuma kabisa uani, karibu na uzio, na kila akianza anatazama kwanza upepo. Upepo ukigeukia nyumba, anahama na jiko lake. Mvua ikinyesha, hapiki, hata wateja wapange foleni. Alisema moshi wa pilipili hauingizwi chini ya paa wanapolala watu, unaharibu vifua. Tukaona sawa, kila watu na mambo yao.

Kwa majirani alikuwa mtoto wa ndugu yake babu, kutoka Kasulu. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo Bibi alimrekebisha maneno machache tu na namna ya kusalimia. Mimi nilimwita mama mdogo. Mzee Saad, mjumbe wetu, alimwandika hivyo kwenye daftari lake. Nadhani alijua anaandika uongo, maana aliondoka na chupa mbili na hakuuliza kitu.

Kisha ikaja amri. Mkimbizi yeyote anayeishi nje ya kambi akamatwe, apelekwe kambini. Malori yakaanza kupita. Kuna wanawake walikuwa wameolewa hapa, wana watoto hapa, wakabebwa na nguo walizovaa. Wanamgambo wakawa wanaingia nyumba kwa nyumba, na jirani aliyekununia mwaka mzima ndiyo akapata nafasi yake.

Siku tangazo lilipopita, mama mdogo alimpigia Bibi magoti. Alisema mumewe, Leonardi, alikuwa kambini. Mle ndani kulikuwa na watu wanaokusanya wanaume kwenda kupigana. Leonardi alikataa, akatoroka, na wale watu wakaapa kwamba wasipompata yeye, watampata mkewe.

"Mama," akasema, "nikipanda lori lile, simalizi mwezi."

Bibi akamwuliza mume mwenyewe yuko wapi. Akasema hajui.

"Basi hutapanda," Bibi akasema. Akarudi kumenya mihogo yake.

Haikuchukua muda, nyumba ikaanza vituko.

Kwanza ugali. Tunaacha nusu sufuria, asubuhi imebaki robo. Tukasema panya. Halafu mtungi wa maji ukawa unashuka kuliko tunavyokunywa. Panya gani huyo. Halafu msuli wa marehemu babu, uliokuwa umekunjwa kwenye sanduku tangu matanga, ukapotea. Siku nyingine nimelala mchana chumba cha nyuma, nikasikia mbao zinalia juu yangu, taratibu, kama mtu anageuka upande. Nilitoka mle bila ndala.

Mama mdogo aliniambia kila nyumba ya zamani ina wenyewe. Alisema huku anafagia, hakuniangalia.

Bibi naye akakubali. Alisema ni jini la babu, limeona mgeni ndani ya nyumba limekuja kukagua. Akaanza kuliwekea sahani kila Alhamisi alasiri, chini ya dari: yai la kuchemsha, ugali, kipande cha samaki. Mimi nilidhani majini wanalishwa harufu tu. Huyu wetu alikuwa anasafisha sahani. Yai alikula na ganda lake.

Bibi akasema jini la kwao lina adabu, halitupi taka.

Kuanzia hapo nilikuwa naishi na hofu kifuani. Nikiingia chumba kile nasoma aya zote ninazozijua, nazo hazikuwa nyingi. Nilikuwa nahisi kuna anayenitazama. Na kweli alikuwepo.

Huku nje kulikuwa na hofu nyingine, nayo jina lake Haruna.

Haruna alikuwa mwanamgambo, kijana wa mtaa wa pili, miaka ishirini na mitano, msafi, sauti ya chini. Kila siku saa kumi anakuja kula mihogo barazani kwetu. Anamwamkia Bibi vizuri, anasifia pilipili, halafu anauliza kidogo. Mama yenu huyu, Kasulu sehemu gani? Ndugu zake mbona hawaji kumsalimia? Anauliza kama mtu asiye na haja na jibu. Bibi alikuwa anamjibu huku anamwongezea mihogo.

Mama mdogo akimwona Haruna anaingia ndani. Mimi nikimwona Haruna nabadilisha kanga.

Ndiyo. Nilimpenda. Nasema ukweli hapa, kwa sababu bila hilo kisa chote hakieleweki.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Novemba. Bibi alikwenda msibani nyumba ya tano kutoka kwetu. Mama mdogo alikwenda soko la Mwanga kupokea nyanya zilizoshushwa kutoka Kalinzi. Nimebaki peke yangu, na nyanya za jana zimo ndani, tayari zimetwangwa.

Kuna kitu nilikuwa nimeambiwa. Kwamba jini halivumilii moshi wa pilipili. Ukikaanga pilipili ndani, umefunga madirisha, linahama lenyewe, na halirudi. Lakini ufanye wazee hawapo, maana wazee wanayaonea huruma majini yao.

Nikasema leo ndiyo leo. Nikaingiza jiko la mkaa koridoni, mlango wa chumba cha nyuma nikauacha wazi, madirisha nikafunga. Mvua ikaanza, nikafurahi, nikaona hata mbingu imenisaidia. Nikatia mawese. Nikamwaga nyanya na maji yake. Pilipili sikusubiri, nikatia kwa mkono, mara mbili ya kipimo, na mbegu zake zote.

Jamani, ule moshi.

Ulinishika koo mpaka nikaona nyota. Nikaacha sufuria pale pale, nikakimbia barazani nakohoa na kucheka. Haruna alikuwa amekaa pale, amejikinga mvua. Akanipa leso yake. Nikajifuta nikijiona mimi ndiye mimi.

Ndipo dari likakohoa.

Nilipomaliza kucheka nilimtazama Haruna. Hakuwa ameshtuka. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, anasikiliza, anahesabu. Kikohozi cha pili. Cha tatu. Akasimama, akaweka kofia yake kichwani, akatembea mpaka barabarani kwenye mvua na kupuliza filimbi.

Kutoka upenuni kwa jirani wa mbele wakachomoka wanamgambo wawili. Sikuwa nimewaona. Walikuwepo pale tangu mvua inaanza.

Bibi akatokea upande mwingine, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, anakimbia. Alikuwa ameona moshi unatoka chini ya bati. Akanipita, akazama ndani. Nikamfuata, kanga mdomoni.

Alisimama chini ya lile dari. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaita mtu aje kula:

"Leonardi, shuka, baba. Wanakuja."

Kumbe. Bibi alikuwa anajua aliye juu ni nani.

Ubao ukasogea. Ikashuka miguu myembamba, kisha msuli wa babu, kisha mtu. Mrefu, ndevu zimejiotea, macho mekundu kama damu. Alikuwa anakohoa ndani ya kiganja. Mtu huyo alikuwa amekaa juu ya vichwa vyetu miezi mitano, analala mchana kutwa bila kugeuka hovyo, anajisaidia kwenye kopo ambalo mkewe alikuwa analitoa kila alfajiri chini ya taka za ufagio.

Akasema, "Mama, mke wangu ana mimba. Miezi minne."

"Najua," Bibi akasema. Akamwonyesha mlango wa uani.

Leonardi akautazama ule mlango. Nakumbuka alivyoutazama, kwa hamu kabisa, ulikuwa wazi na uzio wetu ni wa mabua. Halafu akatikisa kichwa. Akasema akikimbia tutaulizwa sisi alikuwa amefichwa na nani.

Akanyoosha mkono kwenye shubaka, akachukua redio ya Bibi, akaibana kwapani.

"Mimi ni mwizi," akasema. "Nimeingia kuiba. Nipige, mama."

Bibi hakuelewa. Mimi nilielewa kabla yake, nikaanza kulia.

"Nipige. Wako mlangoni."

Bibi alimpiga. Kofi moja, la pili, la tatu, huku anapiga mayowe ya mwizi na kumwita majina ambayo sikujua kama anayajua. Machozi yanamtiririka. Wanamgambo walipoingia, nao wakaanza kukohoa na kutokwa machozi kwa ule moshi. Kwa hiyo tulilia wote mle ndani, na hakuna aliyejua nani analia nini.

Wakamtoa nje amefungwa kwa kamba mikono nyuma.

Mvua ilikuwa imepungua na watu wameshajaa. Mnajua mwizi anavyopokelewa uswahilini. Kuna waliokuja na mawe tayari. Haruna akawazuia, akamwuliza jina. Leonardi akataja jina la uongo, lakini lafudhi haikumwacha. Mrundi, watu wakasema, tena mkimbizi mwizi. Wakamzaba makofi. Lori lilikuwa limeitwa kwa simu ya kituoni, tukaambiwa lisubiriwe pale pale.

Nilikuwa namwomba Mungu jambo moja tu: mama mdogo achelewe.

Hakuchelewa.

Alitokea kwenye kona na tenga la nyanya kichwani, kanga imelowa, anatembea na ule mwendo wake wa polepole. Akaona kundi. Akaona nyumba yetu inafuka moshi. Akaona aliyekaa chini kwenye matope.

Tenga halikuyumba. Naapa, halikuyumba.

Haruna akamwita kwa heshima zote. "Mama mdogo, shikamoo. Njoo umwone aliyekuwa anakula chakula chenu." Akasubiri afike karibu kabisa. "Unamfahamu huyu?"

Mama mdogo akamtazama mumewe.

"Simjui," akasema.

Haruna akasema kwa utaratibu, watu wote wakisikia, kwamba mtu amekula jasho la mwanamke miezi mitano, na yeye hata hasira hana? Watu wakadakia. Mpige, mama. Mtie adabu. Mtu mmoja akamnyooshea jiwe.

Hapa ndipo palipokuwa na kila kitu. Akilia, amekwisha, na mtoto wake tumboni amekwisha. Akiondoka, amekwisha. Na Haruna alikuwa hamwangalii mwizi tena. Alikuwa anauangalia uso wa mama mdogo.

Mama mdogo akatua tenga. Jiwe hakulipokea. Akainama, akaanza kuzigeuza nyanya moja moja. Nilidhani anachelewesha muda. Kumbe alikuwa anatafuta iliyoiva kuliko zote, iliyolainika, inayokaribia kuoza.

Akampiga nayo kifuani.

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Haruna akauliza, "Moja tu?"

Akachagua nyingine. Akachagua ya tatu. Ya tatu ilimpata mdomoni, ikapasuka. Leonardi hakuinua macho hata mara moja. Alikuwa anatazama matope na maji ya nyanya yanamdondoka kidevuni, na mikono imefungwa hawezi kujifuta.

Lori likaja. Wakampakia. Hakugeuka.

Mama mdogo akajitwika tenga lake mwenyewe, akaingia ndani, akafungua madirisha. Akaiona sufuria yangu, nyeusi, imeungua mpaka chini. Akaikuna kwa kucha.

"Ulitia pilipili kabla maji hayajakauka," akaniambia.

Basi. Hilo ndilo neno pekee aliloniambia kuhusu siku ile, mpaka leo hii. Akatoka na sufuria uani kuisugua, akaenda kukaa nyuma ya uzio. Bibi akamfuata. Niliwaona kwa mbali, Bibi amemkumbatia kwa nyuma, yeye ameuma kanga. Sikuthubutu kusogea.

Baadaye Bibi aliniambia alijua tangu wiki ya pili. Jini gani linakohoa alfajiri na kuacha alama za vidole kwenye mtungi? Alimwekea sahani ili mama mdogo asilazimike kuiba, na akatunga jini ili siku wakikamatwa, yeye aonekane bibi kizee mjinga tu. Mama mdogo hakujua kwamba Bibi anajua. Walikuwa wanafichana wema, wanawake wawili ndani ya nyumba moja.

Leonardi hatukumsikia tena. Tuliulizia kambi tatu, kwa watu tunaowaamini. Mmoja alisema alimwona wiki ya kwanza. Wa pili alisema asiulizwe.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuna kitu nimekiruka makusudi, kwa sababu nilikuwa naona aibu kukiandika pale pahala pake.

Aliyeniambia moshi wa pilipili unafukuza jini ni Haruna.

Na aliyemwambia Haruna kwamba tuna jini ni mimi. Mimi mwenyewe, barazani, nimevaa kanga nzuri, nataka kumchekesha. Nikampa kisa chote, ugali, msuli, yai na ganda lake. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akaniuliza, kama mzaha, linasikika chumba gani. Nikamwonyesha kwa kidole.

Siku mbili baada ya lori, alikuja nikiwa peke yangu. Alinunua pilipili kama kawaida. Akasema, "Yule mama yenu wa Kasulu, mimi sina neno naye. Mtu hawezi kuwashitaki wakwe zake."

Akalipa, akaondoka.

Jumapili posa ikaletwa. Bibi alinitazama, akasema nikikataa atawarudisha na maneno yao. Nikasema nimekubali. Nilisema haraka, na nikacheka, ili aone nampenda. Si nilikuwa nampenda kweli wiki moja kabla? Mama mdogo, tumbo limeanza kuonekana, ndiye aliyenipaka hina.

Nimekaa na Haruna miaka ishirini na sita. Hakunipiga, hakuninyima. Nimemzalia watoto wanne. Kila nikimkasirisha alikuwa ananiuliza tu, kwa ile sauti yake ya chini, "Mama mdogo hajambo?" Nikawa namwomba radhi.

Mwaka huu, mwezi wa sita, Haruna akafariki.

Mama mdogo alikuja msibani na mwanawe, Gervasi. Alizaliwa Aprili mwaka uliofuata, salama, chini ya paa letu. Sasa ni kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu. Mama mdogo akakaa nami mkekani, akanishika mkono. Wanaume waliponyanyua jeneza kulitoa uani, nikachungulia dirishani. Bega la mbele, upande wa kushoto, alikuwa Gervasi. Alikuwa amelibeba kwa adabu, analia, maana Haruna ndiye aliyemlipia ada ya sekondari.

Nililia siku ile mpaka watu wakasema Ikram alimpenda mumewe.

Eda yangu imeisha wiki mbili zilizopita. Bibi alishatangulia. Sina tena wa kunitisha wala wa kunificha. Kabla sijabandika hapa, maneno haya yote nimemtumia Gervasi kwanza, asubuhi, kwenye simu yake. Nimeona amesoma. Pale juu ya simu pameandikwa "anaandika", pamefutika, pameandikwa tena. Mpaka sasa hakijaja kitu.

Wakati nasubiri, niwaachie hili. Mambo ya chini ya paa lenu, hata yale ya kuchekesha, msiyatoe nje kumfurahisha mtu. Na ukimpata anayecheka sana na wewe, usiangalie anavyocheka. Angalia anauliza nini akimaliza kucheka. Mimi niliulizwa chumba gani, nikanyoosha kidole.